Kamera ya Majaribio ya Baba

Mimi si mtu wa kutulia, na Baba alipoanza kupoteza macho ndipo nilipokosa kabisa pa kukaa. Ugonjwa wake ulianzia katikati. Akikutazama usoni anaona masikio yako, anaona mabega, lakini pale penye pua na mdomo pana shimo tu. Daktari alisema shimo litazidi kukua. Tangu siku hiyo nilizunguka nyumba yetu ya mtaa wa Kapata, Kolwezi, kama mtu aliyepoteza ufunguo, maana Baba alikuwa amebakiza kitu kimoja alichotaka kukiona, na kitu hicho kilikuwa kimefungiwa ndani ya kamera.

Baba alikuwa mpiga picha wa mgodi, zile picha za kadi za wafanyakazi: kidevu juu, usicheke, haya, mwingine! Zamani fundi mmoja Mzungu alimletea kamera ya ajabu. Haikuwa na jina la kiwanda wala namba, na skrubu zake zilipakwa rangi nyekundu ili ijulikane kama mtu ameifungua. Ilikuwa ya majaribio, moja kati ya chache zilizotengenezwa kabla kiwanda hakijaamua kama ziuzwe au zitupwe. Ilijilenga yenyewe, bila mtu kuzungusha lenzi, na kiwanda kilitaka kujua itafanyaje katika vumbi letu. Baba alipewa filmu moja aimalize, kisha arudishe vyote. Mambo ya nchi yakaharibika, fundi akaondoka, hakurudi. Baba akaiweka kabatini kumngojea. Siku hizi kuna watu Ulaya wanazitafuta kamera za namna hiyo kwa udi na uvumba. Mmoja aliona picha ya kamera yetu niliyoiweka mtandaoni, akawa ananiandikia asubuhi na jioni. Baba alikataa katakata kuiuza. Ana kichwa kigumu, na mimi nimekirithi.

Filmu ilikuwa bado ndani. Picha ya mwisho ni ya Mama, stesheni, mimi mgongoni mwake, asubuhi aliyopanda treni kwenda kwao Lubudi. Walikuwa wamegombana, na mkosaji alikuwa Baba. Kwa nini, hakutuambia kamwe, mimi na kaka yangu. Alimwomba acheke kidogo, akabonyeza. Kamera ikaanza vituko vyake: krrr mbele, krrr nyuma, inatafuta, haikubali kupiga mpaka iridhike yenyewe. Ilipopiga, Baba hakujua kama imekamata uso wa kununa au wa kucheka. Treni ikaondoka. Alishindwa hata kuvuta filmu mbele. Mama alishikwa na homa huko Lubudi, akafa, mimi nikarudishwa na mama mdogo. Picha zake nyingine zililiwa na mchwa, kwa hiyo hata mimi uso wake siujui.

"Na miaka yote hiyo ulishindwaje kuiosha, wewe fundi wa picha?" nilimwuliza mara nyingi, na kwa ukali.

"Niliogopa," alisema. Kisha macho yakazidi kufifia, na siku moja akaniita. "Mama," ndivyo anavyoniita, mimi binti yake, "osha hii filme. Ninataka kuona kama alinisamehe."

Dawa za kuosha filmu hazipatikani tena Kolwezi. Niliagiza Lubumbashi, nikangoja, nikapiga simu, nikagombana na dereva wa lori, nikapiga tena. Usiniulize nilivyokuwa. Nikifua, nasimama, nikipika, naunguza. Kila mara naenda kufungua kabati kuhakikisha kamera ipo.

Siku dawa zilipofika, kamera haikuwepo.

Alikuwa ameichukua yaya wangu, kaka mkubwa, anayenunua mawe ya wachimbaji kwenye depo, duka la madini. Kwetu kitu hakiaminiki mpaka kipimwe. Mchimbaji akileta gunia, mtu wa depo anabandika kwenye jiwe mashine yenye umbo la bastola, anabonyeza, namba zinatoka: shaba kiasi hiki, kobalti kiasi hiki. Yaya ameizoea mpaka amewahi kupima sufuria za zawadi ya harusi yake mwenyewe. Akarudi na kamera kwapani, anatabasamu.

"Nilipimisha tu, mbele na nyuma. Kama Bazungu banaitafuta vile, lazima iko na kintu ya maana mu ndani."

"Aka! Yaya! Ile mashine inatoa miale kama ya hospitali, ile ya kupiga mifupa! Unajua filmu inafanywa nini na miale?"

Hakujua. Alikuna kichwa. "Iko paka plastiki tu," alisema kwa sauti ndogo, "na aluminiamu kidogo."

Nilivua ndala nikamrushia. Ilimpata begani, akaiokota akanirudishia, na upole huo ukanikata maini zaidi. Ni mtu mwema, yaya wangu. Ndiyo maana nilikasirika hivyo, sikuwa na wa kumchukia.

Tukaziba dirisha la jikoni kwa mablanketi mchana ule ule, nikaosha filmu, nikazichapa picha kwenye karatasi. Picha nyingi zilitoka, za ukungu kidogo: ukuta wa warsha, mbuzi, lango la mgodi. Ile ya mwisho, iliyokaa miaka yote hiyo nyuma ya lenzi, ndiyo iliyounguzwa na miale. Kiuno cha Mama kipo, kitambaa chake kipo, na mguu wangu wa kitoto umechomoza pembeni, umelengwa vizuri hata kucha zinaonekana. Usoni pana duara jeupe, kama sahani.

Baba aliipokea kwa mikono miwili. Akaisogeza karibu, akaipeleka kulia, akaipeleka kushoto, namna anavyofanya sasa ili kulikwepa shimo lake.

"Aa, haya macho," alisema. "Ninaona kitambaa yake. Ninaona na we, kale kamuguu. Paka uso tu njo inakataa. Hii shimo inanifuata mpaka mu picha." Akanirudishia. "Niambie we mwenye kuona, mama. Anacheka ao ananuna?"

Yaya, pale mlangoni, aliinamisha kichwa. Mtaa mzima unajua kwamba mdomo wangu haungoji mtu. Nilitaka kumweleza yote, mashine na depo na kila kitu, nilitaka kulia, nilitaka kutoka mbio. Nikaitazama ile sahani nyeupe. Nikatafuta dalili ya kicheko shingoni, nikatafuta kwenye bega, nikakosa.

"Anacheka, Baba."

Alinigeuzia pembe ya jicho, upande ambao bado unaona. "Juu ya nini umechelewa kusema?"

"Nilikuwa naangalia vizuri."

Aliweka mikono magotini.

"Sema tena," akaniambia, na nikasema tena, haraka safari hii.