Bega Lililohamia Houston

Saa mbili asubuhi, katika nyumba ya kutunzia wazee huko Alief, Houston, anakofanya kazi sasa, Annonciata anamlisha uji mzee wa Kimarekani aliyepooza. Anatumia mkono wa kushoto. Kabla ya kijiko cha kwanza anainamisha kichwa na kusema, "Pardon, papa."

Mzee hajui anaombwa radhi ya nini. Lakini Uvira, Kongo, alikozaliwa mama huyu, kumpa mtu mzima chakula kwa mkono wa kushoto ni kumvunjia heshima, na Annonciata hajazoea mpaka leo. Mkono wa kulia umelala pajani. Haupandi.

Uliumia mwaka jana katika ghala la samani huko Mesquite, jirani na Dallas. Yeye na mwenzake Omer, Mkongo pia, walikuwa wakipanga maboksi rafu ilipowaporomokea. Wote wawili walichanika misuli ya bega la kulia. Daktari aliyewapima alikuwa mmoja na alichoandika kilikuwa kilekile: wafanyiwe upasuaji mapema, kabla misuli haijasinyaa.

Mwajiri akakataa kugharamia. Wakakata rufaa kwa baraza linaloamua madai ya walioumia kazini, lenye waamuzi wake katika kila kanda. Hadi hapo walikuwa shilingi kwa ya pili.

Kisha Merveille, binti yake Annonciata anayeishi Alief, akajifungua. Mama akafunga mizigo akaenda kumtunza mzazi, kama mama yeyote wa kwao angefanya. Na kwa kuwa ni mtu wa kunyoosha mambo, akaliarifu baraza kwamba amehama. Baraza likahamishia shauri lake Houston.

Hapo alikosea nini?

Omer alisikilizwa Dallas, akashinda. Amekwisha kupasuliwa na amerudi kazini. Annonciata alisikilizwa Houston, akashindwa.

Kinachochoma zaidi ni sababu. Anayefika mbele ya mwamuzi huinua mkono wa kulia ale kiapo. Annonciata angeweza kusema hawezi. Lakini amwapie Mungu kwa mkono wa kushoto? Akaukamata mkono mgonjwa kwa ule mzima, akausukuma juu huku ameuma meno.

"Bon, minaapa mbele ya Mungu, nitabeba mukono ya kushoto namna gani?" anauliza. "Ni haya! Machozi ilitoka, lakini nilibeba ile ya kuume."

Mwamuzi wa Houston akaandika: mlalamikaji ameweza kuinua mkono wake. Basi! Uchaji Mungu wa mama wa watu ukageuzwa ushahidi dhidi yake.

Omer naye aliinua wake vivyo hivyo. "Juge wa Dallas aliniuliza kama inauma," anasimulia kwa simu. "Nikasema inauma sana. Akaniambia nishushe. Mama Merveille hakuulizwa hata kitu!"

Mtu angeweza kusema ni mkosi wa mama mmoja. Si mkosi hata kidogo. Kipngeno, Mkenya anayechambua takwimu katika ofisi moja huko Plano, anasali kanisa moja na Omer. Alipokisikia kisa hiki alikusanya maamuzi ya baraza kuhusu mabega, ambayo yako wazi kwa umma, akayapanga kwa kanda. Dallas, kati ya wafanyakazi kumi, saba wanashinda. Houston, wawili.

"Nilidhani ni mimi nime-mess up, nikai-run tena," anasema. "Nikaangalia umri, aina ya kazi, ripoti za daktari. Wapi! Kitu ina-change ni address tu."

Alipoulizwa, msemaji wa baraza alijibu kwamba kila shauri huamuliwa kwa mazingira yake. Mazingira gani? Rafu moja, daktari mmoja, bega lilelile la kulia! Ikiwa haki ya mfanyakazi inategemea mji alioshushia sanduku lake la nguo, hiyo ni bahati nasibu, na inatia hasira.

Annonciata amekata rufaa, na shauri litasikilizwa upya mwezi ujao. Watu wamemshauri Annonciata arudi Mesquite, aandikishe anwani ya Omer, shauri limfuate huko. Merveille mwenyewe amemwambia kwamba mtoto amechangamka, atajimudu. Daktari ameonya kuwa muda unayoyoma: akishindwa tena, bega halitapona kamwe.

Mama amekataa. Amemwomba Kipngeno aje na takwimu zake mbele ya mwamuzi yuleyule, na Omer aje atoe ushahidi. Sababu yake iko chumba cha pili, ambako mfuaji wa nyumba hiyo ya wazee, mama wa makamo, anakunja mashuka kwa mkono mmoja. Naye ameumia bega, naye anangoja kuitwa na mwamuzi huyohuyo.

"Nikienda Dallas nitashinda, minajua," Annonciata anasema, akimpangusa mzee kidevu. "Na ule mama? Yeye hana Dallas ya kukimbilia. Hapana. Huyu juge atanipa haki yangu paka hapahapa Houston, na ule mama akifika, asikute mulango imefungwa."