Mama Hajambo, Ila Wewe Njoo

Wapo watu wakialikwa kukaa wanaangalia watakaa karibu na nani. Huyu ninayewasimulia alikuwa anaangalia kiti kimeshonwaje. Hata kwa wakili wake, siku ya kwanza kabisa, kabla hajaeleza shida yake, alipitisha kidole chini ya mkono wa kochi akasema, "Hapa walikudanganya, wakili. Gundi tupu." Wakili akacheka mpaka akavua miwani, na wakapatana tangu siku ile.

Sisi wa mtaani kwao tulimwita Dada Sindano. Alikuwa fundi makochi katika nchi ya watu, kwenye karakana iliyojibanza nyuma ya duka la rangi. Kiti kililetwa kimelegea kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Yeye alikivua nguo, akakaza mikanda ya kukalia, akarudisha springi mahali pake, akakata sponji mpya, kisha akakivika upya. Pembe za mwisho, zile ambazo mashine haizifikii, alizifunga kwa mkono, kwa sindano nene iliyopinda kama mwezi mchanga. Sindano hiyo hakuiacha karakanani hata siku moja. Ililala kwenye mkoba wake, imechomekwa kwenye kipande cha sponji.

Mwenye karakana alikuwa mzee wa magoti mabovu na ulimi mzima. Watoto wake hakuna aliyetaka kushika nyundo.

"Nakungoja wewe tu," alimwambia kila mara. "Siku ukipata ukaazi wa kudumu, tunabadilisha leseni, ufunguo nakuachia, mimi nakwenda kulala na magoti yangu."

"Na nisipopata, mzee?"

"Namuuzia jirani. Atavunja ukuta apange makopo yake ya rangi. Kwa hiyo pata!"

Ombi la ukaazi alikuwa ameshalipeleka, imebaki kungoja. Lakini kungoja kule kuna masharti yake, jamani. Ukitaka kutoka nje ya nchi, unaomba kwanza kibali cha kusafiri, nacho kinakuja kwa mwendo wa konokono. Ukitoka bila hicho kibali, ombi lako linahesabiwa umelitupa mwenyewe. Na Dada, kibali chake cha kazi kilikuwa kimekwisha muda akiwa kwenye foleni. Kilichomshikilia nchini ni lile ombi tu. Likianguka, naye hana mlango wa kurudia.

Nyumbani alikuwa na watu wawili. Mama yake, ambaye sukari ilimla macho mpaka akawa anamjua mtu kwa sauti. Na mdogo wake wa mwisho, Kitinda, aliyebaki kumwangalia Mama tangu baba yao alipofariki. Kitinda alimwomba Dada mara nyingi aje walau kusalimia, na Dada alimweleza vizuri kabisa, kama mkubwa anavyomweleza mdogo:

"Nikitoka sasa hivi, mdogo wangu, nimekwisha. Hakuna cha kunitoa huku, labda Mama afe, Mungu apishe mbali."

"Ala! Usiseme hivyo, Dada."

"Ndiyo ujue."

Akajua.

Sasa, wenzangu, mnajua sisi tunavyotoa habari ya msiba kwa mtu aliye mbali. Hatuitoi. Nani amwambie mtu aliye peke yake ugenini kwamba mzazi wake amekufa, aanguke huko, amwinue nani? Tunasema "anaumwa kidogo", tunasema "njoo tu", na mwenye masikio anafunga mizigo. Baba yao alipofariki, simu ilimwambia Dada, "Baba kapumzika kidogo, ila wewe njoo." Alipofika alikuta viti vya kukodi vimejaa uani. Tangu hapo lugha hiyo aliielewa kuliko sisi tulioizungumza.

Basi mchana mmoja yuko kazini, kiti cha daktari mmoja kiko mbele yake kimebaki mifupa, simu ikaita. Kitinda. Bila salamu.

"Dada, Mama hajambo."

Dada akashusha nyundo. "Mbona unaanza hivyo?"

"Hajambo tu. Ila wewe njoo."

"Mpe simu."

"Amelala."

"Saa hizi? Mchana wote huu?"

"Amelala, Dada. Usiulize mengi kwenye simu. Njoo."

Akakaa pale pale kwenye mifupa ya kiti, mikanda ikamkata mapaja asisikie. Alipopata pumzi akampigia jirani, Mama Genge, mwanamke anayeuza nyanya na habari.

"Mama Genge, niambie wewe. Nyumbani kuna nini?"

"Njoo tu, mwanangu! Sote tunakusubiri wewe."

"Watu wapo?"

"Tele! Wengine wanafagia uani sasa hivi. Wahi."

Angeuliza nini tena?

Wakili alimsihi. "Niletee barua ya hospitali, niombe kibali cha dharura." Dada akamwomba Kitinda barua. Kitinda akasema, "Karatasi za nini tena, Dada, wakati huu?" Hilo nalo likamkalia kama msumari wa mwisho.

"Ukipanda ndege bila kibali, ombi limekufa," wakili akasema. "Hapo nitakuwa sina la kukusaidia."

"Wakili wangu, vimekufa vitu viwili. Niache angalau kimoja nikakizike."

Mzee wa karakana yeye hakubisha. Alimsaidia kuvua aproni, akaikunja. "Kiti kinangoja," alisema. "Mzazi hangoji. Nenda."

Alilia angani mpaka abiria wa jirani akampa shali yake ajifutie machozi, wala hakuitaka tena. Akashuka amevaa nyeusi, macho yamevimba. Alipofika kona ya nyumba yao akapiga ukunga uliotutoa sote majumbani. "Mama yangu! Mama yangu weee!"

Ndani ya ua sauti ikajibu, kavu, ya mtu aliyekatizwa kunywa chai:

"Nani huyo? Anamlilia nani?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kikombe mkononi. Jamani, sisi tulicheka. Nasema kweli tulicheka, maana hatukujua. Dada alimwangukia magotini, akamshika mashavu, akamnusa, akamshika tena. Kwa muda ule alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote duniani. Mama akampapasa uso.

"Mbona umelowa hivi? Mtu anarudi kwao moja kwa moja halafu analia?"

"Moja kwa moja?"

"Si ndivyo Kitinda alivyoniambia? Nikasema, hata mimi Mungu kanikumbuka."

Mama Genge akadakia, "Na bora umewahi. Kijana wiki ijayo anaondoka, tulikuwa tunawaza Mama atabaki na nani."

"Anaondoka kwenda wapi?"

"Hee! Hujui? Amepata kazi ya hoteli ng'ambo. Mbona begi limefungwa zamani!"

Dada akasimama taratibu. Kicheko chetu kikakatika chenyewe.

Kitinda alikuwa chumbani, amekaa kitandani, begi liko miguuni. Mlango haukufungwa, na ukuta wa nyumba zetu mnaujua.

"Nimesema uongo gani?" alianza yeye. "Nilisema Mama hajambo. Toka nje umwone. Hajambo."

"Ulijua nitasikia nini."

Kitinda akasogeza begi kwa mguu.

"Nilikueleza mwenyewe jambo moja tu linaloweza kunitoa kule. Nilikupa ufunguo, ukaja kunivunjia nao nyumba."

"Na mimi je?" Sauti ikampasuka. "Nani anamchoma Mama dawa kila asubuhi? Nani anamwogesha? Wewe ulituma fedha, Dada, ahsante. Mimi nilitoa ujana. Kazi ya kwanza niliikataa. Hii isingenisubiri."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungekuja?"

Jibu lilikuwa hapana, na wote wawili walilijua.

"Basi ungeniuliza, nikakataa, ukanichukia," alisema mwishowe. "Ningestahili. Lakini umeniliza kwa mama aliye hai. Siku akiondoka kweli, nitamlilia na nini?"

Mama akaita kutoka uani, "Mnagombana?"

"Hapana, Mama," wakajibu pamoja, kama walivyokuwa wakijibu utotoni.

Mama hakuambiwa. Ungemwambia nini? Kwamba furaha yake ilinunuliwa wapi? Kila asubuhi alimwita Dada kwa jina lake la utotoni, akacheka peke yake. Dada naye alichoma dawa, akaogesha, akavumilia. Wakili akaleta habari aliyokwisha kuitoa: ombi limefungwa. Kisha mzee wa karakana akapiga simu mwenyewe.

"Jumatatu wanavunja ukuta," alisema. "Nilijaribu kungoja, mwanangu. Magoti yamekataa. Nyundo yako nimeiweka, sijui nimpe nani."

"Kaa nayo, mzee."

"Mama ulimzika salama?"

Dada aliangalia uani, Mama anabishana na Mama Genge juu ya bei ya nyanya. "Salama, mzee," akajibu. Akaona aibu ya uongo usiokuwa wake.

Siku ya Kitinda kuondoka, mkanda wa begi ukakatika mlangoni, mbele yetu sote. Mafundi wa begi wote wako mbali na gari linapiga honi. Akamgeukia dada yake, macho chini.

"Dada, nishonee."

Tukajua leo patachimbika. Lakini Dada alifungua mkoba, akatoa ile sindano iliyopinda, akakaa kizingitini, akashona. Hakujua kushona vibaya, hata alipotaka. Akavuta uzi, akaukata kwa meno, akampa begi.

"Utanipa habari za Mama?" Kitinda akauliza.

"Nitakupa."

"Za kweli?"

"Nitakuambia Mama hajambo. Kama ulivyoniambia mimi."

Kitinda akatupia begi begani. Akapanda gari.

Simu yake ya kwanza iliingia mchana, baada ya chakula. Dada alikuwa uani amepindua kiti kimoja chakavu, anakaza mikanda. Pembeni Mama amesinzia kwenye kiti chake, mdomo wazi, anakoroma kidogo.

"Dada. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Mpe simu nimsalimie."

"Amelala."



"Saa hizi?" Kitinda akauliza, na sauti yake haikuwa ile ya kawaida. "Dada, niambie kweli."

"Nimekuambia kweli. Amelala."

Akakata, akarudi kwenye mkanda wake. Simu ikaanza kuita tena. Akaitazama inavyotetemeka juu ya kipande cha sponji, kisha akaizima sauti, Mama asiamke.