Chungu cha Mama

Shemeji alinipigia simu nikiwa Tunduma, akaniomba nifike nyumbani kwao Hasamba. Yeye na dada yangu wamejiunga na kikundi kinachofuata sheria ya vyakula kama Wayahudi. Kula nguruwe waliacha mwaka jana. Sasa walikuwa wamefikia vyombo. Sufuria walizichemsha kwenye pipa, visu wakavipitisha motoni. Kilichobaki ni chungu cha mama, anayeishi nao tangu baba afariki. Chombo cha udongo, kwa sheria hiyo, huvunjwa. Na kwetu mkwe hagusi vyombo vya mama mkwe, wala hajibizani naye. Dada naye moyo ulimkataa. Ndiyo maana niliitwa mimi, mwanawe.

Nimezunguka sana, Mbeya, Ndola, Lusaka, na kila nilikolala nilikumbuka maharage ya chungu kile. Nilikikuta mafigani, kinatokota.

"Si mkichome tu kama visu?" nilimwuliza shemeji pale uani.

"Chuma kinatoa, shemeji. Udongo ukishanywa mafuta hautoi. Wayahudi wenyewe wanafundisha hivyo."

"Kwani kimepika nguruwe lini mara ya mwisho?"

"Krismasi ile baba yupo," dada alidakia. "Lakini si kilipika?"

Mama alikuwa anasikia yote kutoka jikoni. "Mwambie mwenzako," alimwambia dada, "huyo nguruwe nimemla mimi kuliko chungu. Anivunje na mimi."

Dada alicheka, kisha akalia. Shemeji aliinamisha kichwa. Si mtu mbaya. Kuni za mama huzipasua yeye.

Mama akatoka, akanishika mkono. "Nipeleke kwako Tunduma. Mimi na chungu changu."

Kwangu ni chumba kimoja cha kupanga nyuma ya baa, godoro chini, na wiki nyingi silali humo kwa safari. Mama alinitazama mpaka akaelewa.

"Haya," alisema. Akahamishia maharage kwenye sufuria, akaosha chungu, akakifuta kwa upindo wa kitenge, akakiweka mbele yangu.

Nilikipeleka nyuma ya mibuni. Kilipasuka kwa pigo la kwanza la jembe. Niliporudi, shemeji alinishukuru kwa mikono miwili. Mama alikuwa ameketi mlangoni, sahani ya maharage iko pembeni, hajaigusa. Aliniuliza gari la Tunduma linapita saa ngapi, nisije nikachelewa.