Nailoni ya Mama

Injini ya pikapu ya baba niliijenga upya kwenye gereji yangu ya Ibighi, nikishindana na ugonjwa wa kifua chake. Hospitali walishatuambia tumrudishe nyumbani, na yeye aliomba kitu kimoja tu: apelekwe Mpuguso akaione chai yake shambani, ndani ya gari lilelile alilobebea majani tangu ujana wake. Nikamwambia teksi zipo. Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

Pale gereji injini haikuwa na tatizo. Niliifunga juu ya fremu ya chuma, nikaning'iniza kidumu cha petroli juu yake, ikanguruma kutwa nzima bila kukohoa. Nikairudisha garini huku nikijisifu.

Barabarani ikaniumbua. Kila nikiukaribia mlima wa Mpuguso, inakosa nguvu, inazima. Nikisubiri kidogo, inawaka. Nilibadilisha koili. Nilisafisha kabureta. Pampu ya mafuta niliitukana matusi yasiyomfaa mtu wa kanisani, kisha nayo nikaibadilisha. Jioni nainamia boneti uani, baba anakohoa ndani, na mimi natamani kulia. Siku zake zilikuwa zinakwisha, sote tulijua.

Asubuhi moja gari likazima palepale, mvua inanyesha. Nikaenda kufungua tangi nione kama mafuta yamebaki. Mfuniko ukagoma, kisha ukaachia, na tangi likavuta hewa: fyuuu! Mfuko wa nailoni ulikuwa umenyonywa mdomoni mwake. Tangi lililozibwa haliachii mafuta, maana yakitoka lazima hewa iingie mahali pake. Kidumu changu cha gereji kilikuwa wazi.

Nailoni ile nilikuwa naiona kila siku. Miaka yote mama aliifunga juu ya mfuniko; safari hii aliuvika mdomo wenyewe wa tangi, akakaza mfuniko juu yake ili maji ya mvua yasiingie. Fundi wa kwingine angeuliza ni ya nini. Sisi wa Tukuyu, kwa mvua zetu zisizokatika, tunafunika kila kitu, kuni, tandiko la baiskeli, hata kofia, na hatuoni ajabu.

Nilirudi nyumbani nimefura, nailoni mkononi. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nilipomweleza, akaweka kisu chini.

"Kumbe ni mimi niliyemchelewesha," akasema, akajifunika uso kwa khanga. Hasira zote zikaniishia.

Mchana tulimwingiza baba garini. Mama hakutaka kuja, na baba akakataa katakata kuondoka bila yeye, ikabidi akae katikati yetu. Pale mlimani nilishika usukani kama naomba dua. Injini ikapanda tu. Tulipofika, chai yake ikiwa mbele yetu, baba hakuitazama sana. Alikuwa ameshika mkono wa mama.

"Miaka yote hiyo," akasema kwa taabu, "maji hayakuingia hata siku moja. Asante. Ndaga fijo, mama."

Mama akavuta khanga yake, akamfunika magoti.

Tulimzika kabla wiki haijaisha, kando ya migomba. Mvua haikutuonea huruma. Watu walipoanza kusogea kwenye turubai, mama aliingia ndani, akatoka na nailoni kubwa, akaitandaza juu ya udongo mbichi. Hakuna aliyemkataza. Nilitafuta mawe, nikamsaidia kuibana pembeni.