Kiti Kidogo Kwenye Baiskeli ya Kijani

Juzi nilipita mbele ya kibanda cha fundi baiskeli mtaani kwangu, naye alikuwa amelowesha mnyororo kwenye bakuli la mafuta ya taa. Harufu ile, mafuta ya taa na grisi kuukuu na kutu, ilinisimamisha barabarani kama mtu aliyeitwa kwa jina. Ghafla nilikuwa nyuma ya nyumba ya bibi yangu kule Matogoro, nina miaka kumi na mmoja, nimechuchumaa na kitambaa mkononi, natafuta habari za baba yangu kwenye vyuma.

Mama alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nililelewa na Bibi Skola, mama yake baba, na baba mwenyewe alikuwa fundi baiskeli, kazi yake akiifanyia hapo hapo upenuni. Tulikuwa na mchezo wetu mimi na yeye. Mtu akileta baiskeli aliyoinunua kwa mtu, baba aliigeuza miguu juu, ananiita. "Haya Vero, huyu ana miaka mingapi?" Huyu alikuwa pedali, au rimu, au siti. Alinifundisha kwamba baiskeli moja ina watu wa rika tofauti ndani yake. Fremu inaweza kuwa babu aliyekuja na Waingereza, usukani ukawa wa juzi tu, ila wanaishi pamoja na wanasikilizana. Pedali za mti zilizochongwa kwa panga zilikuwa za miaka ya shida, wakati sabuni ilipangiwa foleni. Vyuma vyepesi vinavyong'aa kama kijiko kipya vilikuja baada ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya mjini Songea yakajaa vitu vya China na India mpaka barazani. Mpira ukiukunja ukapasuka, umeshapita masika mawili au matatu. Na ukitaka kujua kitu kimefungwa lini, alisema, kifungue, uone rangi iliyokuwa imejificha chini yake.

Mwalimu mmoja jirani yetu aliapa kwamba baiskeli yake ni ya wakati wa Mjerumani. Mimi, mwenye miaka mitano, nikamwambia kengele yake ni ya mwaka jana. Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Ruksa hiyo hiyo ndiyo iliyomchukua. Watu walianza kusimulia habari za vito vya Tunduru, kwamba fulani amepata jiwe moja akarudi na mabati ya nyumba nzima. Baba akafunga spana zake kwenye gunia akapanda lori. Nilikuwa na miaka sita. Alisema atarudi mahindi yakikomaa.

Mahindi yalikomaa, tukavuna, tukapanda mengine, yakakomaa tena. Barua haikuja. Mara moja moja zilikuja salamu za mdomo kutoka kwa abiria, na nilipowauliza yukoje walisema, "Mzima tu." Nyumba yetu ikabaki ya watu wawili. Bibi hakuwa mkali, lakini alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno yenyewe mengi aliwaambia kuku. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye vilima, nilitembea peke yangu mwendo mrefu kwenda shule, nikihesabu baiskeli zinazonipita na kukisia umri wake, bila wa kumwambia jibu.

Mwaka wa tano, siku moja ya Jumamosi, lori lilisimama barabarani. Dereva, Mzee Athumani, mwenye kanzu iliyogeuka nyekundu kwa vumbi la Namtumbo, alipiga hodi. Alishusha baiskeli ya kijani.

"Shikamoo, babu," nilisema.

"Marahaba, binti. Wewe ndiye Vero? Basi mzigo huu wako. Baba yako amesema uende nao shule, usitembee tena."

"Yeye anakuja lini?"

Mzee Athumani alimtazama Bibi, akatazama matairi. "Inshallah," alisema. Alikunywa maji, akaaga.

Nilidhani nitaipanda pale pale, lakini sikuipanda. Niliisukuma mpaka nyuma ya nyumba nikaigeuza miguu juu. Kwa siku tatu, kila nikitoka shule, niliisoma kama wengine wanavyosoma barua. Fremu ilikuwa ya zamani sana, nzito, imepita mikono mingi. Rimu ya nyuma ilikuwa ya ruksa, ya mbele, kwa kutu yake, iliizidi ya nyuma umri wa miaka kumi. Mnyororo ulikuwa umevutika, maana yake umebeba mizigo milimani. Siti ilikuwa imeshonwa upya, na mshono niliujua: ni wa baba, msalaba na msalaba, kama alivyoshona viatu vyangu.

Kisha kulikuwa na kiti kidogo. Kilikuwa cha mbao, kimefungwa kwenye bomba la juu la fremu, kati ya siti na usukani, pale mzazi anapompakiza mtoto ambaye hajaweza kushika keria. Boliti zake zilikuwa zimewekewa vipande vya tyubu chini ili chuma kisikwaruze rangi. Hiyo pia ilikuwa tabia ya baba, hakuna fundi mwingine mjini aliyejisumbua hivyo. Nilifungua boliti moja kwa spana ya kuazima. Kipande cha tyubu nilipokikunja kikapasuka. Chini yake kijani kilikuwa bado kibichi kama jani la kunde, wakati pembeni kilikuwa kimepauka. Nikapiga hesabu kama nilivyofundishwa. Masika matatu.

Nilikimbia jikoni. "Bibi! Baba alinifungia kiti miaka mitatu iliyopita! Alikuwa anajiandaa kuja kunichukua!"

Bibi alikuwa anasonga ugali. Aliacha kusonga. "Wewe unaenea kwenye kiti kile?"

"Amesahau tu kwamba nimekua. Ananikumbuka nilivyokuwa mdogo."

Alipakua chakula tukala. Kesho yake nilipotoka shule, kiti hakikuwepo. Bibi alikuwa amemwita jirani akakifungua, na mbao zake zilikuwa zinaungua chini ya sufuria ya maharage.

"Kingekuumiza magoti," alisema.

Sikuwahi kulia vile, wala sikuwahi kumchukia mtu vile. Kwa karibu wiki mbili sikumwambia neno zaidi ya shikamoo. Niliamini ameunguza ushahidi pekee niliokuwa nao kwamba kuna mtu mahali fulani aliyeniwekea nafasi. Yeye aliendelea kunipakulia nyama kubwa.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha kwanza, siku nilipoiosha baiskeli ile mbele ya bomba la shule na kuona nilichokuwa nakiona siku zote. Kwenye bomba la chini la fremu, kulia na kushoto, rangi ilikuwa imelika mpaka chuma kikaonekana, madoa mawili madogo yanayolingana. Nilikuwa nimeshayakadiria na kusema ni waya wa breki. Lakini waya haukwaruzi pande zote mbili. Vilikuwa visigino vya mtoto aliyekaa pale kila siku, masika matatu. Nilifunga bomba la maji nikakaa kwenye nyasi mpaka kengele ya darasa ikalia. Bibi aliyajua haya tangu dakika ile aliyoacha kusonga ugali.

Sikumuuliza, na alifariki bila kuniambia. Nilibaki na uchungu wangu: kwamba nilitumiwa baiskeli waliyomaliza kuitumia wenzangu.

Miaka mingi baadaye, baba alipofariki, nilipanda basi kwenda Tunduru kumzika. Aliyenipokea stendi alikuwa kijana mrefu mwenye paji la uso la baba. Alisema anaitwa Rashidi. Alichukua begi langu, tukaanza kutembea.

"Dada," aliniuliza, "ile baiskeli ilikufaa?"

Nilimwambia ilinifikisha kidato cha nne.

"Alhamdulillah. Mimi siku ile nililia sana. Mzee wetu alisikia kwa dereva kwamba unatembea mbali. Hatukuwa na nyingine, lakini aliipandisha kwenye lori asubuhi ile ile. Akaanza kwenda machimboni kwa miguu, na sisi shambani kwa miguu, mpaka nilipofika darasa la tatu. Nilimkataza asikitoe kiti changu. Nilimwambia nitakuja kukipanda huko huko kwako."

Alicheka. Niliweka mkono begani kwake, nikamwambia asubiri kidogo, nikasimama pale kando ya barabara nikimlilia baba yangu kwa mara ya kwanza tangu niliposikia kwamba amekufa.