Mahali Pasipo na Mianzi

Wifi yangu Tabea alitafuta nyumba ya kupanga kwa namna iliyowashinda madalali wa Njombe. Aliuliza kodi, akauliza maji, akauliza shule iko wapi, kisha akazunguka nyuma ya nyumba na kutazama bondeni. Akiona mianzi, anaaga. Dalali anabaki akiteremsha kodi peke yake, mteja ameshafika barabarani.

Mianzi ndiyo inayotoa ulanzi, pombe ya kwetu, na ulanzi ndio uliokuwa unammaliza kaka yangu Kefa. Nasema kaka yangu, tumbo moja, ili mjue sisemi kwa chuki. Kiangazi Kefa ni fundi uashi anayegombaniwa. Anajenga, analipa ada, anaimba besi kwenye kwaya ya usharika, anambeba binti yao mdogo, Jasmine, mabegani hadi sokoni. Mvua zikianza ujenzi unasimama, watu wanakata ncha za mianzi na kugema, na kaka yangu anapotea mpaka mvua ziishe. Msimu uliopita alilala mtaroni kwenye baridi ile ya kwetu, akaokotwa na wauza maziwa, akalazwa kwa homa ya mapafu. Daktari alimwambia Tabea waziwazi kwamba mumewe akirudia, asitegemee kumpata tena. Basi Tabea akaapa kwamba mvua nyingine hazitamkuta Kefa pale Njombe, ambako mianzi ya jirani yao, mzee Marcelino, ilikuwa inagusa bati lao.

Kwa watu alisema wanahama kwa sababu kodi imepanda. Haukuwa uongo. Siku hizi kila mwenye kiwanja Njombe anaota parachichi, na mwenye nyumba wao alikuwa ameanza kuongea nao kwa mkato. Lakini ingekuwa kodi tu, wangehamia mtaa wa pili.

Nikamsindikiza. Lupembe tulipata nyumba nzuri karibu na mashamba ya chai, bei ya kawaida kabisa, na kazi ya kuchuma ipo. Tabea akachungulia dirisha la nyuma, akasema turudi. Matamba shangazi yetu Modesta alitupa vyumba viwili karibu na bure. Wifi yangu alikunywa chai, akashukuru sana, akatazama mianzi iliyojipanga kando ya kijito, akachukua kitenge chake. Njiani nikamchamba. Nilimwambia kwa mwendo huo ataishia kupanga nyumba katikati ya ziwa. Hakucheka.

"Wifi, mimi sitafuti nyumba," alisema. "Natafuta mahali ambapo mume wangu atafika Pasaka."

Aibu ilinishika, sikumtania tena.

Hatimaye tukapata nje kidogo ya Makambako, upande wa kwenda Wanging'ombe. Ni tambarare, upepo unapiga mchana kutwa, kuna mahindi na alizeti mpaka macho yachoke, na hakuna mwanzi hata mmoja. Tabea alitembea kila upande kuhakikisha, kama mtu aliyepoteza pete. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, shule karibu, na kodi nafuu hata nikajiuliza mwenye nyumba ana akili timamu. Mwenyewe alikuwa mama mjane, Getruda, mpole, asiye na maneno mengi. Kando ya nyumba lilikuwapo banda la mabati lisilo na kuta, mabenchi yamepangwa, chini pamefagiliwa. Getruda alisema ni lake, huwa analikodisha. Hatukuuliza kwa nani. Tabea alifurahi akisema hapo hata ibada ya mtaa ingefaa. Akalipa kodi ya mwaka mzima, ikamaliza akiba yote.

Kefa alihama bila kuuliza swali. Nadhani alijua, na nadhani alishukuru. Kuanzia Septemba alijenga Makambako nzima, mtoto wao mkubwa, Peace, akashika nafasi nzuri darasani, na Tabea akanenepa. Kila nikimpigia simu alikuwa anacheka. Novemba manyunyu ya kwanza yakapita, na Kefa akarudi nyumbani kila jioni na miguu yake mwenyewe.

Krismasi nikaenda kuwasalimia na gunia la viazi. Mvua kubwa zilikuwa zimeanza wiki ile. Tulikuwa jikoni na Tabea liliposimama lori nje, limetoka milimani kwetu, limejaa madumu. Vijana wakaanza kuyashusha bandani, na harufu ikaingia jikoni kabla ya habari. Tabea alisimama na mwiko mkononi. Mimi niliyezaliwa kwenye ulanzi nilikuwa nimekaa mbele ya kilabu cha pombe nisikitambue, kwa sababu tu kilikuwa kikavu na kimefagiliwa. Tulikagua mabonde yote, tukasahau barabara.

Nikamfuata Getruda kwa hasira, nikamwambia ametutapeli. Hakupandisha sauti. Alisema ana wajukuu wa kulisha, na banda lile linajulikana na kila mtu pale.

"Mama, mlidhani kodi ile ilikuwa ndogo bure?" aliniuliza.

Nikamwacha, nikaondoka. Niliporudi, bandani walishajaa watu, na mmoja aliyejengewa nyumba na Kefa alikuwa anamwita, fundi karibu, fundi njoo upashe mwili. Kaka yangu alisimama kizingitini. Alikuwa anameza mate, nilimwona. Akageuka, akaingia ndani, akatoka na kufuli la sanduku lake la vifaa, akampa mkewe.

"Mama Peace, nifungie kwa nje."

"Nikufungie kama mbuzi, Baba Peace?"

"Nifungie. Na ufunguo usinipe, hata nikiomba vizuri. Nikiomba vizuri ndiyo usinipe kabisa."

Tabea akafunga. Tukaketi kwenye ngazi na watoto, sahani za wali wa sikukuu mapajani, watu wa kilabu wakitutazama na kunong'ona kuhusu mwanamke anayemfungia mume. Nilitamani kuwarushia sahani. Jua halijazama, Kefa akaanza kugonga. Aligonga kwa adabu, akasema amesahau jambo kwa jirani. Kisha akasema anataka kwenda chooni, wakati choo cha nyumba ile kiko ndani. Kisha akaanza kumbembeleza Tabea kwa sauti ya zamani, ile ya kiangazi, mpaka Jasmine akauliza kwa nini baba hafunguliwi.

Tabea alikuwa analia, na ufunguo ameukalia. Hakunyanyuka. Mimi, binti wa wakulima, nilijikuta namwomba Mungu azuie mvua, na mvua ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza.