Hukumu Ishirini na Tatu za Febronia

Febronia wa Bugarama aliishia darasa la saba, na sheria hakuisomea popote. Lakini baraza la ardhi lilipompa shemeji yake Kalisti shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, alianza kusoma hukumu kuliko baadhi ya wanaolipwa kuzisoma. Mfa maji haachi kutapatapa.

Alizisoma mtandaoni, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, ugali ukiungua na bintiye Nelly akinung'unika. Za Kiingereza aliziruka, za Kiswahili alizimeza. Mwishowe akalipata alilolitafuta: wazee wa baraza wasipotoa maoni yao mbele ya wenye kesi, hukumu haisimami. Naye aliwakumbuka wazee wa siku ile. Walikaa kimya mpaka mwisho, mmoja akisinzia.

"Nelly, tumepona!" alipiga kelele.

Alikusanya hukumu ishirini na tatu za namna hiyo, na katika zote rufaa ilikubaliwa. Kila alipofika hapo, aliufunga ukurasa. Ile mistari michache ya chini aliiona kama salamu za kuagana tu, na nani husoma salamu za watu wengine?

Alikuwa na hoja nyingine, nzito kuliko hiyo. Jirani yake, mzee Ngassa, ndiye pekee aliyebaki kati ya walioona baba mkwe akipanda minyaa ya mpaka na kumkabidhi mumewe shamba. Aliyasema yote barazani. Wakamwona mzee amechanganyikiwa. Mwezi uliofuata akafariki. Febronia hakuyagusa maneno yake kwenye rufaa aliyokata. Ya nini kubishania minyaa, wakati sheria yenyewe iko mkononi?

Siku ya hukumu, Mahakama Kuu, Shinyanga, jaji alisoma kwamba rufaa imekubaliwa. Febronia akapiga vigelegele mpaka askari akamnyamazisha. Jaji akaendelea kusoma mistari ya chini: mwenendo wote wa baraza umefutwa, shauri lisikilizwe upya mbele ya mwenyekiti mwingine wa baraza.

Alimkimbilia karani, binti aitwaye Dorika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo upya ndiyo nini? Na maneno ya mzee Ngassa je?"

"Yamefutwa pamoja na mengine. Ni kama hakuna aliyewahi kusema kitu. Mashahidi wako watakuja kusema tena."

"Mzee tumeshamzika!"

Pale uani Kalisti alikuwa akisalimiana na mashahidi wake sita, wote wazima wa afya.

Febronia akakaa sakafuni. Yale maneno yalikuwa yameandikwa. Jaji angeweza kuyapima na kuyaamini. Hakuyafuta Kalisti wala baraza. Ameyafuta yeye mwenyewe, kwa kidole chake, baada ya miezi mitano ya kusoma.

"Mwanangu," alisema, ameshika sketi ya karani kwa mikono miwili, "rudi ndani umwambie jaji sitaki tena. Anirudishie kushindwa kwangu."

"Haiwezekani, mama," Dorika alisema. "Umeshinda."